Shingo ya Shaushi

Mlangoni kwangu hapa Rumonge pana mawe mawili. Moja ni langu, jingine si langu. Kila asubuhi, kabla jua halijatokeza juu ya milima ya upande wa Bugarama, nalibeba lile langu begani, nashuka ufukweni, nafuata mchanga mpaka mdomo wa mto Dama, kisha narudi. Zamani nilikuwa nakimbia. Siku hizi goti la kulia limegoma, kwa hiyo natembea, ila natembea hatua za askari, si hatua za mtu aliyetumwa kununua ndagala, dagaa wa ziwa letu. Wajukuu wangu wanacheka. Majirani wanasema mzee kaanza kuchanganyikiwa, anatoka na jiwe na kulirudisha palepale alipolitoa. Waache waseme. Wao wakipanda kilima kwenda kwenye mihogo yao wanakaa chini mara tatu, nami napita.

Lile jiwe la pili ni la shaushi wangu. Kwa mtu ambaye hakuuona utawala wa Wajerumani, shaushi ndiye sajini, mkubwa wa askari weusi katika boma dogo kama la hapa kwetu. Chini yake alikuwapo ombasha, na ombasha nilikuwa mimi. Nataka kuandika habari zake kwa sababu tuliomjua tumebaki wachache, na kwa sababu nyingine ambayo nitaisema ikifika mahali pake.

Mimi ni wa hapahapa ufukweni. Baba alivuka ziwa kutoka Manyema akiuza chumvi, akampata mama huko Kabezi, wakahamia Rumonge na kujenga. Nilikulia kwenye nyavu. Kabla sijaota ndevu nilikuwa naweza kufumba macho nikapitisha vidole kwenye wavu mzima na kukuambia fundo lipi limelegea. Basi nilipoingia uaskari nilijiona mwanamume kamili: kifua kipana, mikono ya kasia, mdomo mrefu. Shaushi alinitazama kutoka juu hadi chini, taratibu, mbele ya watu wote.

"Juu kuna mtu," akasema. "Chini hakuna."

Askari waliangua kicheko, nami nilitamani mchanga unimeze. Lakini alisema kweli. Miguu yangu ilikuwa ya mvuvi, imekaa mtumbwini miaka yote, haina nyama wala pumzi. Siku ile ya kwanza nilikimbia nao nusu ya njia, nikatapika, nikakaa. Shaushi alirudi peke yake kunichukua. Hakunitukana. Alikimbia palepale mbele yangu, anapandisha magoti tu, mpaka aibu ikaninyanyua.

Alikuwa Mnyamwezi, mfupi, mnene wa mapaja, na shingo fupi iliyojaa ukosi wote wa koti. Kabla ya bunduki alikuwa pagazi. Alibeba pembe za ndovu hadi pwani na kurudi, sijui mara ngapi, na huko njiani ndiko alikojifunza mambo ya mwili. Aliona majitu yenye misuli yakianguka siku ya nne, na vijitu vikavu vikifika. Kwa hiyo hakujali kifua cha mtu. Alitaka kujua unapumuaje, unalala saa ngapi, unakunywa maji kabla ya kiu au baada. Alitukataza kujaza tumbo kabla ya safari, akatukataza kukaa mara tu baada ya kukimbia. Mambo hayo yote nayafuata mpaka leo, na ndiyo maana nipo kuyaandika.

Mawe yalikuwa mpango wake. Askari mpya alipofika, alipelekwa mdomoni mwa mto Dama kuchagua jiwe lake. Hakuna aliyemchagulia. Likiwa dogo mno, shaushi analirusha ziwani na wewe unaanza upya. Likiwa kubwa, anatabasamu tu, maana hilo ni lako mpaka siku utakayoacha kazi. Kila alfajiri utakimbia nalo kwenye mchanga laini, na siku ya kuondoka utalirudisha mwenyewe mtoni. Wenye kujionyesha walichagua makubwa wakayajutia. Nani alikuwa wa kwanza kujionyesha? Mimi hapa. Bado nalijutia, goti langu ni shahidi.

Ila jambo lililonifanya nimpende ni moja. Alikimbia mbele. Mashaushi wa maboma mengine walikaa kivulini wakihesabu, au walikimbia nyuma na kiboko mkononi. Huyu alikuwa mbele na jiwe lake, bapa, la kijivu, zito kuliko langu, na tarbushi haijainama hata kidogo. Safari moja tukienda Usumbura, pagazi mmoja alishikwa na homa njiani. Shaushi akavua bunduki, akanipa, akatwika ule mzigo kichwani, akatembea nao kutwa nzima huku akiimba nyimbo zake za zamani za msafara. Askari wa Mjerumani kubeba mzigo! Wenzetu wa Usumbura walipotuona waliziba midomo kwa mikono. Yeye aliutua, akajifuta jasho, akaomba maji.

Sitaki kuwadanganya wasomaji. Hatukupendwa, na tulistahili kutopendwa. Tulipoingia kijijini kuku walifichwa na wanaume waliingia migombani. Tuliwatoa kwa nguvu kwenda kufyeka, kubeba, kujenga. Mimi nimeshika kiboko, nimehesabu hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano, mgongoni mwa watu walioweza kuwa wajomba zangu. Shaushi naye alitekeleza alichoamriwa. Lakini askari aliyempiga mtu kwa kujifurahisha tu, kesho yake alfajiri alibeba mawe mawili, na shaushi alikimbia kando yake mpaka mwisho.

Palikuwa na jambo moja ambalo hakuwa na msamaha nalo. Mkubwa haguswi. Siku moja kwenye gwaride askari mpya alimwona siafu akitembea kwenye ukosi wa shaushi, akanyoosha mkono akampangusa. Kwa nia njema kabisa. Alisimamishwa juani mpaka adhuhuri. Shaushi akatuambia wote: "Hata mkiniona naungua moto, mtafuteni mwenye cheo changu aje anizime." Tulicheka siku nzima kwa maneno hayo. Nami nikayashika.

Kisha yakaja malale.

Yalianza kwa wavuvi, wale wanaotega kwenye matete karibu na midomo ya mito, mahali penye mbung'o wengi. Mtu anasinzia na wavu mkononi. Mtu anakonda, anagombana na mkewe bila sababu, anasahau njia ya nyumbani kwake. Mwisho analala, na akilala hivyo haamki. Serikali ikaleta daktari Mjerumani, akajenga kambi ya wagonjwa nyuma ya michikichi, akaamuru vichaka vya ufukweni vifyekwe. Na kila mwezi watu wote wa pwani walipangwa mstari ili shingo zao zipapaswe, kwa sababu ugonjwa ule unaanza kujionyesha kwa tezi nyuma ya shingo, mapema, kabla ya usingizi. Aliyepatikana mapema alichomwa sindano, na wengine walipona. Aliyechelewa alichomwa pia, lakini hapo ilikuwa kubahatisha. Wapo waliopofuliwa na dawa yenyewe. Ndiyo maana watu waliukimbia mstari ule.

Daktari alikuwa mmoja na shingo zilikuwa nyingi mno. Alitafuta wa kumsaidia, akajaribu makarani, akajaribu askari kadhaa. Kisha akaletwa kwangu. Nilisimama nyuma ya mgonjwa wake mmoja, nikapitisha vidole viwili chini ya kila sikio nikishuka polepole, nikamwambia: hii moja hapa, ya pili hapa, na hapa ndani kuna ndogo bado haijakua. Yeye mwenyewe alikuwa hajaiona hiyo ya tatu. Basi tangu siku ile mimi nilipapasa, karani aliandika, na daktari alibaki mezani na hadubini yake akiwapima wale niliowatoa mstarini. Kazi ya nyavu ilinifikisha huko. Nilijivuna, siwezi kukana. Watu wa Rumonge walianza kuniita Vidole.

Bomani sisi tulikuwa na elimu yetu kuhusu malale. Tulisema ni ugonjwa wa watu waliokaa. Mvuvi anakaa, anang'atwa, anasinzia. Sisi tunakimbia, tunatoa jasho, uchafu unatoka. Shaushi mwenyewe aliwahi kulisema kwenye gwaride, na mimi, niliyekuwa nimepapasa shingo za wavuvi wenye nguvu kuliko sisi sote, niliitikia kwa sauti kubwa kuliko wenzangu. Sijui akili yangu ilikuwa imewekwa wapi.

Askari nao walipimwa kila mwezi, baada ya raia. Walisimama mstari mmoja, tarbushi mkononi, ukosi umefunguliwa. Nilipita nyuma yao mmoja mmoja. Mwisho wa mstari alisimama shaushi, tarbushi kichwani, ukosi umefungwa mpaka kifungo cha mwisho. Nilipomfikia nilizunguka mbele yake, nikagonga visigino, nikampigia saluti.

"Shaushi, mzima!"

Karani akaandika. Daktari alikuwa mbali kwenye hadubini yake. Hakuna aliyeona kosa hapo. Miezi ikapita hivyo.

Masika ya mwaka ule nilianza kuona vitu vidogo. Shaushi alikaa kwenye kiti cha magogo akisafisha bunduki, na mkono ukasimama katikati ya kazi. Nilikohoa, akaendelea. Alimfokea askari kwa kosa la askari mwingine, yeye ambaye hakuwahi kukosea jina la mtu. Tukasema amechoka, mvua ni nyingi. Naye akatupa dawa yake ya siku zote: akaongeza mbio. Tukawa tunakimbia asubuhi na jioni. Nilijizoesha kukaa karibu naye ili nikohoe kila anaposinzia, na wenzangu wakajifunza kukohoa pia. Boma zima likawa lina kifua, na sisi tukadhani tunamsaidia.

Mkewe alikuwa Mrundi wa Nyanza, mwanamke wa maneno machache, alikamua mafuta ya mawese nyuma ya nyumba za askari. Asubuhi moja alinisimamisha njiani.

"Amahoro, shemeji."

"Amahoro, shemeji. Kuna nini?"

"Ule bwana yangu iko nalala mu chakula. Jana mukono iko mu sahani, macho imefunga."

"Anachoka, shemeji. Kazi imekuwa nyingi."

"Hapana kuchoka." Alitazama nyuma yake, akasogea. "Mie niligusa ile shingo, saa iko nalala. Iko na vitu mu ndani, vidogo vidogo, sawa maharagi. Nikamwambia. Anasema mie ni mwanamuke, niko najua nini? Lakini weye, uko na vidole ya daktari. Weye ukisema, atasikia. Umuguse, shemeji. Umuguse mbio, ingali mapema."

"Nitamgusa," nikasema.

"Unaahidi?"

"Naahidi."

"Murakoze," akashukuru, akarudi kwenye chungu chake.

Siku ya kupimwa ilipofika nilianza na raia, kisha askari, na vidole vyangu vilikuwa baridi tangu wa kwanza. Nilipofika mwisho wa mstari sikuzunguka mbele kama kawaida. Nilisimama nyuma yake. Niliiona ile shingo karibu, ukosi umeibana. Nikainua mkono. Nikaona askari wa pembeni amegeuza jicho bila kugeuza kichwa. Nikamwona mkewe kando ya uwanja na chungu chake, ananitazama.

Kisha miguu yangu ikanizungusha mbele, visigino vikagongana, mkono ukaenda kwenye paji la uso wangu.

"Shaushi, mzima!"

Nilipotazama tena kando ya uwanja, yule mwanamke alikuwa ameshaondoka.

Miaka mingi nilijiambia kwamba ilikuwa heshima. Sasa mimi ni mzee, sina sababu ya kujipamba, na hii ndiyo ile sababu nyingine ya kuandika. Heshima ilikuwapo, lakini ndani yake palikuwa na woga. Kama ningezikuta tezi zile, mimi ndiye ningekuwa nimemvua koti mtu aliyenifanya mtu, mbele ya wote, na kumpeleka nyuma ya michikichi akakae na wavuvi. Nilitaka abaki mbele yetu na jiwe lake. Nikajiambia mwezi ujao.

Mwezi ujao haukufika. Alfajiri moja tulikuwa tunakwenda mdomoni mwa mto, yeye mbele. Katikati ya njia hatua zake zilipungua. Akasimama, akaliweka jiwe chini kwa uangalifu, akakaa juu yake, kidevu kikashuka kifuani. Akalala. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linatoka. Sisi tukasimama tumemzunguka, kila mmoja na jiwe lake begani, watu wazima wenye nguvu, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kumshika bega. Tulikohoa. Tulikohoa wote. Hakuamka.

Mwanamke mmoja muuza ndagala akapita na ungo kichwani. Akasimama, akatuangalia mmoja mmoja.

"Ninyi askari, munaangalia nini? Mutu iko nagonjwa, mumubebe!"

Tukakohoa tena. Akacheka kwa hasira, akaweka ungo wake mchangani, akamwendea shaushi, akamtikisa bega kwa mkono wenye magamba ya samaki. "Baba, amuka. Amuka, baba." Shaushi akafumbua macho. Mwanamke akajitwika ungo wake, akaenda zake bila kugeuka.

Shaushi alitutazama tulivyomzunguka. Alitazama mawe yetu mabegani, akatazama jua limefika wapi. Nikaona anaelewa, hatua kwa hatua, mambo yote.

"Ombasha."

"Shaushi!"

"Weka jiwe lako. Njoo nyuma yangu. Papasa shingo."

"Shaushi, mkubwa haguswi."

"Nani kasema?"

"Wewe, shaushi."

Alifungua kifungo cha ukosi mwenyewe, kisha cha pili.

"Basi aliyesema ndiye anayekuamuru. Papasa."

Nikapapasa. Sikuhitaji hata kushuka chini. Zilikuwa zinanisubiri pande zote mbili.

"Zipo?"

"Zipo, shaushi."

"Na kila mwezi ulisema mzima."

"Ndiyo, shaushi."

"Ulikuwa unapiga saluti."

"Ndiyo, shaushi."

Nilisubiri adhabu. Wallahi niliitamani. Kama angesema nisimame juani mpaka nianguke, ningemshukuru. Yeye akafunga vifungo vyake, kimoja kimoja.

"Nilikufundisha sawasawa," akasema. "Kosa ni langu. Haya, mbio hazijaisha."

Akainama kulichukua jiwe lake. Mara ya kwanza lilimshinda, likamrudisha magotini. Askari wawili walitaka kumsaidia, akawatazama, wakarudi. Mara ya pili akalipandisha mpaka begani. Tulikwenda mpaka mdomo wa mto na tukarudi, polepole sana, yeye mbele, na hakuna mtu aliyempita. Sijapata kuona ukakamavu mwingine wa namna ile, na nimeona vita.

Alipofika bomani alioga, akavaa sare yake yote mpaka vitambaa vya miguuni, akachukua bunduki na kumkabidhi karani. Kisha akatembea peke yake hadi kambini. Nilimfuata kwa mbali. Alisimama mbele ya meza ya daktari, akagonga visigino, akasema: "Shaushi mmoja, mgonjwa." Daktari alimpima, akatazama hadubini muda mrefu, akaniita.

"Angekuja miezi miwili mitatu iliyopita," akaanza kusema. Hakumalizia. Hakujua anasema na nani, na mimi sikumwambia.

Alichomwa sindano. Wiki za mwanzo alipata nafuu, hata nikaanza kuota mambo mazuri. Baadaye macho yakaanza kufifia, na kabla ya kiangazi kwisha yakazimika kabisa. Nilidhani sasa atalala chini kama wengine, maana pale kambini watu walilala wakisubiri zamu yao. Lakini siku moja nilipofika nilikuta kamba imefungwa kutoka mchikichi mmoja hadi mwingine kuzunguka ua wote. Shaushi ameishika mbele, kipofu, na nyuma yake mstari wa wagonjwa, wavuvi, wanawake, mapagazi, kila mmoja na mkono kwenye kamba. "Moja, mbili. Moja, mbili. Mama wa nyuma, magoti!" Daktari alichukia kwanza, akasema wagonjwa wapumzike. Baada ya siku chache aliona wanaozunguka wanakula na wasiozunguka hawali, akaniomba nitafute kamba nyingine iliyo imara zaidi. Nilileta kamba ya nyavu za baba yangu.

Nilikwenda kila siku baada ya kazi. Alinishika bega tukazunguka. Sasa tuligusana kila siku, wala hakuna aliyekumbuka sheria. Alinipapasa mkono akasema, "Wa kushoto umelegea, ombasha, unalibeba jiwe kwa bega moja tu." Ni kweli, nilikuwa nalipendelea bega la kulia. Kipofu alikuwa ananiona vizuri kuliko nilivyomwona yeye nilipokuwa na macho yangu mawili. Siku moja nilianza kumwomba radhi. Alinikatiza. "Hesabu hatua," akasema, nami nikahesabu.

Mwishowe usingizi ukamshinda kama unavyoshinda wote. Hakula ila kwa kulishwa na mkewe, hakujibu jina lake. Lakini kila asubuhi nilipoingia nikasema, "Shaushi, jua limetoka," miguu yake ilitikisika chini ya blanketi, kulia, kushoto, kulia. Mkewe aliitazama ile miguu akatabasamu. Asubuhi moja niliita na miguu haikutikisika. Niliita tena. Mkewe akanishika mkono, akasema, "Basi, shemeji. Amefika."

Alikuwa Mwislamu, kama wengi wetu wa bomani. Mwalimu wa msikiti wetu mdogo akauliza nani wa kumwosha. Hakuwa na ndugu huku, kwa hiyo tulimwosha askari watatu, na kichwa na shingo vikawa sehemu yangu. Nilimimina maji, nikapitisha mkono. Vidole vyangu haviwezi kupita kwenye shingo bila kutafuta. Zilikuwa pale, ngumu, wazi, hata mtu ambaye hajawahi kushika wavu angezipata. Nililia mpaka mwalimu akaninyang'anya kata ya maji. Nilimpenda mtu yule. Nilimpenda, nikampigia saluti mpaka akafa.

Baada ya maziko askari walitaka kulirudisha jiwe lake mtoni, kama desturi yetu ilivyokuwa kwa anayeacha kazi. Mkewe alikataa. Alisema, "Yeye hakuacha kazi." Akalibeba mwenyewe, akalileta mlangoni kwangu, akalitua. "Iko yako. Uliangalie kila siku." Hakusema kwa ubaya, wala hakusema kwa upole.

Mwezi ule shaushi mpya alikuwa ameletwa kutoka Usumbura, mtu mrefu mwenye sharubu. Siku ya kupimwa alisimama mwisho wa mstari, ukosi umefungwa. Nilisimama nyuma yake, nikasema, "Vua tarbushi, shaushi. Fungua vifungo." Alidhani ameambiwa na mtu mwingine. Nilirudia. Alipogeuka na uso wa kuua, nilikuwa tayari nimeweka vidole vyangu chini ya masikio yake, nami sikuviondoa mpaka nilipomaliza. Nilisimama juani siku ile na siku iliyofuata, mpaka daktari alipouliza Vidole yuko wapi. Mwezi uliofuata shaushi yule alifungua vifungo mwenyewe.

Lakini kabla ya askari walikuwapo raia, na katika mstari wa raia wa mwezi ule wa kwanza alisimama mjane wa shaushi wangu. Amelala na mgonjwa yule, ameteka maji kwenye mbung'o walewale. Ilipofika zamu yake nilishusha macho, nikaweka vidole vyangu kidogo tu, kwa adabu, kama mtu anavyomgusa mjane wa mkubwa wake.

Akanyoosha mkono nyuma, akakamata vidole vyangu, akavikandamiza shingoni mwake mpaka nikausikia mfupa.

"Bonyeza, shemeji," akasema. "Mie usiniheshimu."

Nikabonyeza. Nilipapasa shingo ile mara tatu, kutoka masikioni hadi mabegani, na mstari mzima ukasubiri. Alikuwa mzima.